Manukato haya kwangu yananukia, kwa mke wangu yananuka

Shikamoo Shangazi,

Nimesita wiki tatu nzima kabla ya kukuandikia, maana jambo lenyewe ukiliweka mbele za watu linaonekana dogo. Lakini limeshaingia mpaka chumbani, na sasa mimi na mke wangu tunasalimiana kama wapangaji wa nyumba moja.

Tumeoana miaka kumi na sita. Siku ya kukumbuka ndoa yetu nilimnunulia manukato. Sikukurupuka, Shangazi. Nilinusa chupa nyingi mpaka kichwa kikaniuma, nikachagua moja ambayo harufu yake ilinisimamisha palepale: maua matupu, laini, matamu, harufu ambayo unataka kuivuta tena kabla hujashusha pumzi. Boksi lake lilikuwa na picha ya maua madogo ya zambarau. Nilimpa usiku, watoto wameshalala.

Alifungua, akajipulizia kidogo kwenye kifundo cha mkono, akanusa. Nikaona uso unabadilika. Akanusa tena, safari hii mkono akiuweka mbali. Akasema asante, akaenda kunawa. Nilipomuuliza akanijibu kwa upole: "Mume wangu, sisikii maua. Nasikia ukali tu, kama siki."

Dada yangu alipotutembelea nikampa anuse, akayasifia sana, kisha akaniambia pembeni kwamba mwanamke anayekataa zawadi kwa kisingizio cha pua amekuchoka. Maneno hayo yalinikaa. Kwa hasira nikamrudishia mke wangu kama nilivyoyasikia. Naye akanijibu kwamba huenda niliuziwa maji yaliyotiwa rangi.

Jumapili iliyofuata nikafanya jambo ambalo sasa najuta. Nilikata karatasi nyeupe vipande vinne, viwili nikavidondoshea tone moja moja la manukato, viwili nikaviacha vitupu. Binti yetu wa miaka kumi na tatu alifumba macho, akavitambua vile viwili mara tatu mfululizo bila kukosea, akasema ni maua. Mdogo wake wa kiume, ana miaka kumi, alinusa, akakunja pua, akasema, "Baba, hii ni siki." Hakuwepo siku mama yake aliposema hivyo. Kisha nikamwita mama yao naye aje anuse mbele yao. Alisimama mlangoni akaangalia vile vikaratasi mezani, akageuka akaenda zake. Usiku aliniambia, "Umenipima mbele ya watoto wangu kama mgonjwa."

Pua yake kwa mambo mengine ni nzima kupita yangu. Kitu kikianza kuungua yeye ndiye wa kwanza kujua. Na hapo kuna jambo jingine linaniudhi: kila jioni nikivua shati anasema lina harufu ya jasho lililolala. Mimi nikilinusa sisikii chochote, na asubuhi nimelivaa likiwa safi. Naona sasa analipiza kisasi. Yeye anasema amekuwa akiniambia hivyo miaka yote, na kwamba hata utotoni wenzake walipokuwa wakisifia harufu ya maua fulani, yeye hakuwa akiona cha kusifia.

Shangazi, kati yetu nani anasikia sawasawa? Kuna dawa ya pua ya mke wangu? Na hii chupa niitupe?

Ni mimi,
Mume Mwenye Maswali

*

Marahaba, mwanangu.

Barua yako nimeisoma mara mbili, na mara zote mbili nilikwama kwenye kile kikaratasi mkononi mwa kijana wako. Mtoto wa miaka kumi, hajasikia neno la mama yake, ananusa na kusema "siki". Kabla sijaanza kujibu barua hizi nilifundisha baiolojia kwa miaka mingi, na darasani nilizoea kuchora ubaoni familia za kubuni ili wanafunzi waelewe jinsi mtoto anavyorithi. Wewe umeniletea familia yenyewe.

Nianze na linalokunyima usingizi. Mkeo hakudanganyi, wala hakukuchoka. Alikwambia alichokisikia, tena kwa upole, na dada yako alikosea kukitafsiri. Wewe nawe hukuuziwa maji. Chupa ni moja, pua ni mbili, na pua hizo hazikujengwa kwa maelekezo yaleyale.

Lugha yetu ilishaliona hili zamani. Tunasema kitu kinanuka, au kinanukia, na tofauti ni ile "i" moja tu, ileile tunayoitumia tunaposema kupika na kupikia, kuimba na kuimbia. Inatuonyesha yupo anayefanyiwa. Manukato yako yanakunukia wewe. Kumnukia mkeo ni habari nyingine, na wa kutuambia ni yeye peke yake.

Sasa nikueleze kinachotokea humo ndani, maana ukikielewa hasira itapungua yenyewe. Juu kabisa ndani ya pua, karibu na usawa wa macho, kila upande una utando mdogo unaolingana na stempu ya barua. Utando huo umejaa mamilioni ya seli za neva, na kila seli imetoa vinyweleo vyembamba mno vilivyolowa ute. Kwenye vinyweleo hivyo kuna vipokezi. Kipokezi ni protini iliyojikunja ikapenya ukuta wa seli mara saba, na katikati ya mikunjo hiyo kuna kishimo. Unaponusa ua, molekuli zake zinapanda na hewa, zinazama kwenye ute, na ile inayokaa vizuri kwenye kishimo inaishtua seli. Seli inapeleka habari moja kwa moja kwenye ubongo.

Kila aina ya kipokezi ina jeni yake, yaani maelekezo ya kurithi ya kukitengeneza, na jeni hizo ni nyingi kuliko watu wanavyodhani. Mwaka 1991 Linda Buck na Richard Axel wa Marekani walitangaza kuwa wamezipata, wakiwa wanachunguza panya, na mwaka 2004 walipewa Tuzo ya Nobel kwa kazi hiyo. Kwa binadamu zinazofanya kazi ni kama 400. Jicho lako linatenganisha rangi zote za dunia kwa vipokezi vya aina tatu tu. Pua inatumia mia nne. Ukizihesabu jeni zetu zote zinazotengeneza protini, ambazo ni takriban 20,000, basi moja katika kila hamsini kazi yake ni kunusa. Na pembeni ya hizo 400 nzima kuna nyingine zaidi ya 400 zilizoharibika, magofu ya jeni yaliyobaki kutoka kwa mababu wa kale sana ambao maisha yao yalitegemea pua kuliko yetu. Tembo bado anazo karibu 2,000 zinazofanya kazi.

Kuna jambo moja katika mpangilio huu ambalo mpaka leo linanistaajabisha, na litakuhusu baadaye. Kila seli ya kunusa, pamoja na kuwa na jeni zote hizo ndani yake, inachagua moja tu ya kuitumia. Na kwa kuwa kila jeni tunayo nakala mbili, moja ya baba na moja ya mama, seli inachagua hata kati ya hizo mbili. Zilizobaki inazinyamazisha.

Usidhani pia kwamba kila harufu ina kipokezi chake kimoja. Molekuli moja huamsha vipokezi kadhaa, na kipokezi kimoja hukubali molekuli kadhaa. Ubongo husoma ni vipi vimeamka kwa pamoja na vipi vimelala, kama unavyotambua neno kwa herufi zake. Ukiondoa herufi moja, wakati mwingine neno linabaki lilelile na hakuna anayegundua. Wakati mwingine linakuwa neno jingine kabisa.

Na herufi zinaondoka kweli. Mwaka 2014 watafiti walivijaribu vipokezi vya binadamu maabara, vile vya kawaida na vile vyenye mabadiliko madogo ambayo watu huzaliwa nayo. Walikadiria kwamba ukichukua watu wawili wowote, katika nakala za jeni zao za kunusa, zaidi ya asilimia 30 zinatofautiana kwa namna inayobadilisha utendaji wa kipokezi. Watu wawili wowote, mwanangu, si mgonjwa na mzima. Wewe na jirani yako mmo humo, mimi na dada yangu tumo humo. Tunaishi tukidhani sote tunasikia harufu zilezile kwa sababu tumefundishwa majina yaleyale ya kuziita.

Sasa nirudi kwenye chupa yako. Umesema harufu ni ya maua laini na matamu, na boksi lina picha ya maua madogo ya zambarau. Kuna ua dogo liitwalo violeti, na molekuli inayolipa harufu yake inaitwa beta-ionone. Watengeneza manukato wanaipenda mno na huitia kwenye chupa nyingi. Siwezi kuapa kwamba imo kwenye yako, kwani sijaishika. Lakini soma hili, kisha uipime barua yako mwenyewe.

Mwaka 2013 watafiti nchini New Zealand walieleza kwa nini watu wamegawanyika sana juu ya molekuli hiyo. Waligundua kwamba jeni moja, iitwayo OR5A1, iliyopo kwenye kromosomu ya 11, ndiyo inayobeba karibu kisa chote. Tofauti ni ya herufi moja ya DNA, yale maandishi ya kurithi yaliyomo ndani ya kila seli. Herufi hiyo ikibadilika, asidi amino ya 183, mojawapo ya vipande vinavyounganishwa kuunda protini, inakuwa nyingine, na kipokezi hakiishiki tena beta-ionone ipasavyo. Mabadiliko hayo peke yake yalieleza zaidi ya asilimia 96 ya tofauti ya watu katika kuisikia harufu hiyo. Katika mambo ya kurithi, kupata jibu safi namna hiyo ni nadra; mara nyingi unakuta jeni kumi zinavutana na mazingira nayo yanavuta upande wake.

Na sikiliza maneno ambayo watu hao walitumia. Wenye kipokezi kizima walisema harufu hiyo ni tamu, ni ya maua. Wasio nacho hawakuisikia kabisa ikiwa hafifu, na ikiwa nyingi walisema ni kali, ni chachu, ni kama siki. Siki, neno la mkeo na la kijana wako.

Ona basi vikaratasi vyako vinasema nini, kama kweli ni OR5A1. Nakala moja nzima ya jeni hii inatosha kumfanya mtu ayasikie maua. Mkeo hayasikii, kwa hiyo nakala zake zote mbili ni zile zisizoshika, na kila mtoto amepokea kwake mojawapo ya hizo. Binti anayasikia, kwa hiyo nakala nzima ameipata kwako. Kijana hayasikii. Maana yake wewe ulimpa nakala isiyoshika. Huwezi kumpa mtoto kitu usichonacho, mwanangu: unazo zote mbili, moja nzima na moja isiyoshika, na hiyo ya pili uliipokea kwa baba yako au kwa mama yako bila mtu yeyote kujua.

Sasa kumbuka nilichokwambia kuhusu seli kuchagua nakala moja tu. Katika zile seli za pua yako zilizojipangia jeni ya OR5A1, baadhi zimechagua nakala nzima na nyingine zimechagua isiyoshika. Seli hizo za pili, ukizipulizia manukato yako, zinanyamaza kama zinavyonyamaza za mkeo. Ulipokuwa ukimwita aje anuse mbele ya watoto, pua ya namna yake ilikuwamo ndani ya pua yako.

Umeniuliza nani anasikia sawasawa. Kwa chupa hii wewe unasikia kitu kimoja zaidi yake, basi. Lakini usikimbilie kufurahi, maana barua yako ina shati.

Ulilitaja kwa pembeni, kama jambo la kukuudhi tu, na nadhani ndilo lenye uzito kuliko chupa. Mkeo anasikia jasho kwenye shati, wewe husikii. Kwa manukato ulisema pua yake ina kasoro. Kwa shati, je, umejiuliza kama kasoro ni yako? Hukujiuliza, ulisema analipiza kisasi. Harufu uliyoisikia wewe ukaifanya kweli, harufu aliyoisikia yeye ukaifanya chuki. Nakwambia haya bila kukulaumu, kwa sababu karibu kila mtu hufanya hivyo. Harufu inaingia kwa haraka na kwa nguvu kiasi kwamba tunaamini inatoka yote nje, na asiyeisikia tunamwona mkaidi.

Shati lako lina sababu mbili zinazowezekana. Ya kwanza ni mazoea. Pua huacha kuripoti kitu kisichobadilika. Ukikaa chumbani na harufu dakika chache, inafifia hata kama haijapungua hewani. Wewe umo ndani ya shati hilo tangu asubuhi. Kulinusa jioni na kusema halina kitu si ushahidi, hata kidogo. Ya pili ni ya kurithi. Jasho lenyewe likitoka kwapani karibu halina harufu. Bakteria wa kwenye ngozi ndio wanaolivunja na kutoa asidi zinazonuka. Mwaka 2022 watafiti walichapisha kazi waliyoifanya kwa watu 1,000 wa kabila la Han wa China, kisha wakahakiki sehemu ya matokeo kwa watu wengine 364 wa asili mbalimbali. Kwa mojawapo ya asidi kuu za harufu ya kwapa walikuta kwamba watu wanatofautiana katika kuisikia, na tofauti hiyo inaambatana na jeni nyingine ya kunusa, OR51B2. Kuna pia androstenone, inayopatikana kwenye jasho: kwa wengine inanuka mkojo, kwa wengine ni tamu kidogo, na wapo wasioisikia kabisa. Mwaka 2007 sehemu ya tofauti hiyo ilipatikana kwenye jeni ya OR7D4. Yawezekana basi kwamba kwa jasho wewe ndiye uliyekosa herufi, na mke wako amekuwa akikusomea neno zima kwa miaka kumi na sita.

Kwa hiyo anapokwambia shati linanuka, lifue. Usilinuse kwanza ili kuhakiki. Kama ni la poliesta, jua kwamba kitambaa hicho hushikilia harufu ya jasho kuliko pamba. Ligeuze ndani nje, loweka sehemu za kwapa, lianike juani. Usilivae siku ya pili.

Umeuliza kuhusu dawa. Kwa kipokezi ulichozaliwa nacho hakuna, na hakuna anayeihitaji, kwa sababu mkeo haumwi. Najua wapo waliopata mabadiliko kwa kunusa mara kwa mara: mwaka 1989 watu 20 ambao hawakuwa wakiisikia androstenone walipewa wainuse mara tatu kwa siku kwa wiki sita, na nusu yao wakaanza kuisikia. Nakwambia hili ili usije ukalisoma mahali ukamwekea mkeo zoezi. Ile ilikuwa molekuli nyingine, na wale walijitolea. Yeye ameshapimwa vya kutosha.

Lakini wanaosoma barua hii ni wengi, na miongoni mwao yupo ambaye hali yake si hii, naye nisimpite. Mkeo anasikia kila kitu isipokuwa harufu moja, tangu utotoni. Hilo ni la kuzaliwa na halina hatari. Kama wewe msomaji ulikuwa unasikia harufu zote na zikapotea ghafla, au vitu vilivyokuwa vikikunukia vimeanza kunuka kama vilivyooza au kuungua, hayo ni mengine. Hutokea baada ya mafua makali, baada ya COVID-19, baada ya kugongwa kichwa, na mara chache kwa sababu nyingine zinazotaka uchunguzi. Nenda kwa daktari wa masikio, pua na koo. Seli za kunusa zina bahati ambayo neva nyingi hazina, nayo ni kwamba huzaliwa upya katika maisha yote, kwa hiyo wengi hurudishiwa harufu, ingawa huchukua miezi. Kwa hali hiyo mazoezi ya kunusa husaidia baadhi ya watu: harufu nne zinazojulikana, asubuhi na jioni, kwa wiki kumi na mbili au zaidi. Yaliyochunguzwa mwanzoni yalitumia waridi, mkalitusi, limau na karafuu. Na asiyesikia harufu yoyote awe na kengele ya moshi na ya gesi nyumbani, kwa sababu harufu inayotiwa kwenye gesi ya kupikia ili kutuonya haitamwonya yeye. Kama kijana au binti hajawahi kusikia harufu yoyote na dalili za kubalehe zimechelewa, mpelekeni hospitali na muyataje yote mawili kwa pamoja, maana kuna hali ya kurithi inayoyaunganisha, na upande wake wa kubalehe unatibika ikijulikana mapema.

Turudi kwako. Aliloumia mkeo si manukato. Aliumia kwa vile vikaratasi vinne mezani na watoto wakiangalia. Kwa hiyo msamaha wako uanzie hapo, na watoto wawepo, kwa sababu walikuwepo. Mwambie: nilikosea kukupima, na nilikosea kutokuamini. Usiongeze "lakini". Jeni na mambo ya New Zealand mweleze baadaye, akiuliza, na ukifika kwenye ile nakala isiyoshika usisahau kusema kwamba na wewe unayo. Kijana wako mwite peke yake umwambie kwamba alisema kweli. Mtoto aliyeitwa kwenye jaribio kisha akamwona mama yake ameumia hubaki akidhani yeye ndiye aliyekosea. Dada yako naye mpigie simu. Maneno yake uliyabeba ukayaingiza nyumbani, ni wewe wa kuyatoa.

Halafu mwende wote wawili mkatafute manukato mengine. Achague yeye. Anuse kwenye mkono wake mwenyewe, asubiri nusu saa, kwa sababu harufu ya mwanzo hupeperuka na inayobaki ndiyo atakayotembea nayo kutwa. Wewe kazi yako siku hiyo ni kubeba mfuko. Akichagua kitu ambacho wewe hukisikii vizuri, usiseme hakina kitu. Muulize kinanukiaje, umwache akueleze. Katika miaka kumi na sita sidhani kama umewahi kumuuliza swali hilo.

Chupa usiitupe. Muulize mama yake kwanza, akikubali mpe binti. Mwambie apake tone moja tu, kwa sababu likizidi ndipo mama na mdogo wake wanapoanza kusikia siki, na aiweke kabatini isipigwe na jua.

Shangazi yako